Silinda tatu za Hinckley: habari za Daytona 675

Mwaka 2000 kampuni ya Triumph ilitoa pikipiki iliyoitwa TT600. Kama hujawahi kuisikia, hujapitwa na mengi. Hata hapa Uingereza wengi wamekwisha kuisahau. Ilikuwa na injini ya cc 599 yenye silinda nne za mstari, fremu ya aluminiamu, na umbo ambalo ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara ungeapa kwamba ni Honda iliyopakwa rangi nyingine. Kwenye kona ilikuwa hodari, na breki zake zilisifiwa sana na waandishi walioijaribu. Lakini Triumph walikuwa wamethubutu kuifunga mfumo wa kunyunyiza mafuta unaoongozwa na kompyuta, wakati wapinzani wao Wajapani wa daraja hilo bado wanatumia kabureta, na mfumo ule haukuwa umeiva. Kwenye mwendo mdogo injini ilikwamakwama, ikasitasita pale unapotaka kuondoka taratibu. Kiwanda kikairekebisha programu ya ile kompyuta hadi ikatengemaa, ila jina lilikwisha kuharibika. Mnunuzi mwenye pesa zake mkononi alijiuliza swali la haki kabisa: kwa nini ninunue Honda ya Mwingereza ilhali Honda ya Mjapani ipo, na haikwami?

Naanza na TT600 kwa sababu bila hiyo hakuna Daytona 675, na hiyo 675 ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Kwa maoni yangu hakuna pikipiki ya spoti ya saizi ya kati iliyowahi kutoka Uingereza ikaishinda, na ilipatikana siku Triumph walipoacha kupigana na Mjapani kwa silaha za Mjapani.

Naishi Leicester, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Hinckley, mji mdogo kilipo kiwanda cha Triumph. Nimekulia Mombasa, na kwetu pikipiki ni riziki: Boxer au TVS, abiria wawili nyuma na gunia la mkaa mbele kwenye tangi. Huku nikakuta watu wanaonunua chombo cha kiti kimoja na nusu, wanakitoa Jumapili jua likiwaka, wanakirudisha gerejini kikiwa kimepanguswa, na wanaijua historia yake kama nasaba ya ukoo. Mwanzoni niliona ni anasa tu. Baadaye nami nikanogewa.

Historia yenyewe imeanza na mgeni, jambo ambalo hupenda kuwakumbusha wale wanaobandika bendera ya Uingereza kwenye tangi. Siegfried Bettmann alikuwa Mjerumani wa Nuremberg. Alikuja Uingereza akauza baiskeli kwa jina la Triumph, akaweka kiwanda Coventry, na pikipiki yake ya kwanza, ya mwaka 1902, ilisukumwa na injini ya Minerva kutoka Ubelgiji. Coventry walimpenda hata wakamfanya meya. Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yakaiteketeza Coventry na kiwanda kikaenda nayo, na mwaka 1942 kazi ikahamia kiwanda kipya Meriden, kijiji cha jirani.

Enzi ya Meriden ndiyo iliyompa Triumph jina duniani. Edward Turner alikuwa ameshabuni Speed Twin ya 1937, silinda mbili wima, nyepesi, na kwa miaka thelathini baada yake karibu kila kiwanda cha Uingereza kilitengeneza kitu cha kufanana nayo. Wengi wakisikia Triumph ya zamani wanafikiria Bonneville ya cc 650. Mimi nataka tuitazame ndogo yake, ya cc 500, kwa kuwa ndiyo iliyoleta jina Daytona.

Daytona Beach ni mji wa Florida, Marekani, na kila mwaka kuna mashindano ya maili 200, yaani kilomita 320 na ushei. Miaka ya sitini kanuni za Wamarekani ziliiruhusu Harley-Davidson kukimbia na injini ya cc 750 kwa sababu valvu zake zilikaa ubavuni kwa mtindo wa kale, huku wenye injini za valvu za juu wakifungiwa kwenye cc 500. Mwaka 1966 Triumph walipeleka injini za 500 zilizoandaliwa na Doug Hele, fundi ambaye kwa maoni yangu hatajwi vya kutosha. Mazoezi yalikuwa balaa, mashine zikawasumbua, na Buddy Elmore akapangwa wa 46 kwenye mstari wa kuanzia. Wa arobaini na sita! Akawapita mmoja baada ya mwingine hadi akashinda. Mwaka uliofuata Gary Nixon akashinda tena kwa Triumph, na Meriden wakaanza kuuza T100T Daytona, pikipiki ya barabarani ya cc 500 yenye kabureta mbili. Hapo ndipo jina lilipozaliwa: kwenye mashine ya saizi ya kati iliyowafunga wakubwa. Miaka ya tisini Triumph walilibandika jina hilo kwenye madude ya cc 1000 na 1200, na sijawahi kuona kwamba lilikaa vizuri huko.

Hele huyohuyo, pamoja na Bert Hopwood, ndio waliobuni silinda tatu ya kwanza ya Triumph, Trident ya 1968. Ilikuwa injini nzuri iliyochelewa. Michoro ilikaa kabatini miaka kadhaa huku wakubwa wakibishana, na ilipofika madukani tu, Honda wakaja na CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, unabonyeza kitufe inawaka. Trident ilikuwa bado ya kupiga kiki. Kwenye mashindano, hata hivyo, ilikuwa moto. Ile iliyobatizwa Slippery Sam, jina lililotokana na oili iliyomwagikia dereva katika mbio za Bol d'Or za 1970 kule Ufaransa, ilishinda mbio za pikipiki za dukani za TT, mashindano ya barabarani ya kisiwa cha Isle of Man, kila mwaka kuanzia 1971 hadi 1975. Ushindi wa mwisho huo wa 1975 uweke akilini, tutauhitaji.

Kufa kwa Meriden ni habari ndefu ya madeni, migomo na maamuzi ya hovyo, na sitaimaliza hapa. Mwaka 1973 wenye kampuni walitangaza kukifunga kiwanda. Wafanyakazi wakafunga milango wao, wakakikalia, na kuanzia 1975 wakakiendesha kwa ushirika. Mwaka 1983 pesa zikaisha. Pale kilipokuwa kiwanda sasa kuna nyumba za kuishi. Nimewahi kupita kwa gari: njia moja inaitwa Bonneville Close, nyingine Daytona Drive, na kwenye varanda kuna mapipa ya taka na baiskeli za watoto.

Jina la Triumph lilinunuliwa na John Bloor, aliyeacha shule akiwa na miaka 15, akaanza kwa kupiga plasta, akaishia kuwa tajiri wa kujenga nyumba. Hakuwa mtu wa pikipiki. Nadhani hilo ndilo lililomsaidia, kwa sababu mpenzi wa pikipiki angekimbilia kuifufua Bonneville kama ilivyokuwa. Bloor aliikodisha Bonneville ya zamani kwa fundi mmoja wa Devon aliyeiunda kwa miaka michache, huku yeye na wahandisi wake wakienda Japani kutazama viwanda vya wenzao vinavyofanya kazi. Kisha akajenga kiwanda kipya Hinckley, kimyakimya, na mwaka 1990 akaonyesha pikipiki sita kwa mpigo kwenye maonyesho ya Cologne. Ujanja wake ulikuwa kwamba injini zote zilitumia vipuri vilevile kwa kiasi kikubwa: silinda tatu au nne, mapito ya pistoni (umbali inaopanda na kushuka) marefu au mafupi, ukichanganya unapata cc 750, 900, 1000 au 1200. Zilikuwa nzito na ndefu, lakini hazikuvuja oili. Kwa Waingereza wa wakati ule hiyo ilikuwa habari ya gazeti.

Zilizopendwa zaidi kati ya hizo ni zile za silinda tatu. Kila mtu aliliona hilo. Ndiyo maana hadi leo nashangaa walivyoingia kwenye soko la 600 na silinda nne.

Soko lenyewe lilikuwa kubwa, hilo sibishi. Miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili, pikipiki za spoti za 600 ndizo zilizokuwa uwanja wa vita Ulaya. Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki walikuwa wakibadilisha mashine zao kila baada ya miaka miwili, kila mmoja akipunguza kilo na kuongeza mizunguko. Triumph, kampuni ndogo, wakaingia humo na TT600, na matokeo yake nimekwisha kuyasema. Halafu Machi 2002, mwaka ambao kampuni ilikuwa iadhimishe miaka mia moja ya kutengeneza pikipiki, moto ukazuka kiwandani. Sehemu ya kuunganishia pikipiki na ghala la vipuri vikateketea. Kwa miezi kama sita hakikutoka kitu.

Walipojenga upya, mwaka 2003, ikatoka Daytona 600. Ndani ilikuwa TT600 iliyonyooshwa, nje ilikuwa na sura yake yenyewe, ya makali na pembe. Mwaka huohuo Bruce Anstey wa New Zealand akaichukua hadi Isle of Man akashinda mbio za Junior TT, ushindi wa kwanza wa Triumph kwenye TT tangu ule wa Slippery Sam wa 1975. Miaka 28. Mashabiki walilia. Lakini madukani? Watu walipiga makofi wakaenda kununua R6 ya Yamaha. Mwaka 2005 injini ikarefushwa mapito ya pistoni ikawa cc 646 na jina likawa Daytona 650, na hapo, ukiwa makini, unaona Triumph wameanza kutoka kwenye mstari. Cc 646 haiingii kwenye mashindano ya 600. Ni pikipiki ya mtu anayetaka nguvu barabarani na hajali kanuni za mbio.

Mwishoni mwa 2005 wakaionyesha 675, na 2006 ikaingia madukani.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hesabu yake ni tamu. Chukua injini ya 600 yenye silinda nne: kila silinda ina cc 150. Sasa chukua 675 ya silinda tatu: kila moja ina cc 225. Pistoni kubwa husukuma kwa nguvu zaidi kila inapowaka, kwa hiyo huhitaji kuipigia injini resi kali ndipo upate msukumo. Silinda nne nazo zina pistoni ndogo nyepesi zinazoweza kuzunguka kasi zaidi, kwa hiyo nguvu yake yote iko juu kabisa, na ukishuka chini ya hapo unabaki na mashine iliyolala. Ya Triumph ilitoa nguvu za farasi 123 hivi kwenye mizunguko 12,500 kwa dakika, sawa na Mjapani au pungufu kidogo. Lakini nguvu ya msokoto, ile inayokutoa kwenye kona, ilikuwa newtoni-mita 72, wakati 600 za wakati ule zilikuwa chini ya 70.

Jingine ni upana. Tundu la silinda la 675 ya kwanza lina kipenyo cha milimita 74. Zidisha kwa tatu, unapata 222. La R6 au CBR600RR ya Honda ni milimita 67. Mara nne, 268. Bila hata kuhesabu kuta za katikati, Triumph imepunguza karibu sentimita tano upana wa injini. Na gia zake zimepangwa kwa kupandishwa, shafti moja juu ya nyingine badala ya kufuatana kwa urefu, injini ikafupika, na mkono unaoshika gurudumu la nyuma ukapata nafasi ya kuwa mrefu bila pikipiki nzima kurefuka.

Kwenye karatasi yote hayo hayamgusi mtu. Mimi yaliniingia gerejini kwa mzee mmoja wa Tanga ambaye amezeeka na spana mkononi hapa Leicester. Alikuwa amelivua tangi la 675 ya mteja, ya miaka ya mwanzo, anataka kupima nafasi za valvu. Akaniita niiname.

"Hebu tazama hapa, mwanangu. Hewa inaingilia wapi?"

Nikatafuta mabomba ya pembeni kama ya pikipiki nyingine. Hakuna. Hewa inaingia kwenye pua, katikati ya taa, inapita ndani ya fremu yenyewe, mahali hasa usukani unapozungukia, na kutumbukia moja kwa moja kwenye sanduku la hewa juu ya injini. Fremu imetobolewa njia. Nikaweka mkono, vidole vikapita.

"Sasa panda."

"Mjomba, haina tangi."

"Panda nimekwambia. Bana magoti."

Nikabana. Magoti yalikaribiana kiasi kwamba nilijiona nimepanda baiskeli ndefu. Akacheka, akaniteremsha, akaendelea na kazi yake ya kuingiza vijembamba vya kupimia katikati ya kemu na valvu, kimoja kimoja, anaandika namba kwa penseli nyuma ya bahasha.

Mlio nao una sababu yake. Krenki ya silinda tatu imegawanywa nyuzi 120, na moto unawaka kila baada ya nyuzi 240 za mzunguko, wakati ya silinda nne za kawaida unawaka kila baada ya 180. Mpangilio huo wa tatu una mtikisiko wa kupindapinda, pistoni ya mwisho huku na ya mwisho kule zikivutana, ndiyo maana kuna shafti ya kusawazisha ndani. Kinachobaki ni sauti nzito yenye mluzi juu yake. Mallory Park, kiwanja cha mbio kilicho jirani na Hinckley, kuna kona ndefu ya kulia iitwayo Gerards. Ukisimama pale siku ya mbio za vilabu, zile 600 za Kijapani zinapita zikipiga kelele nyembamba zote kwa pamoja, huwezi kujua ipi ni ipi. Triumph ikitokea, unaitambua hujageuza kichwa.

Magazeti yaliipokea kwa namna ambayo Triumph hawakuwa wamewahi kupokewa. Kwenye shindano la Masterbike, ambako waandishi na madereva wa nchi mbalimbali hupanda pikipiki za spoti zote kwenye kiwanja kimoja, Daytona 675 iliongoza daraja lake 2006, na 2007 ikarudia. Mwaka 2008 Glen Richards akachukua nayo ubingwa wa Uingereza wa Supersport, daraja la mbio za pikipiki za spoti za saizi hii, na 2014 Billy McConnell akauchukua tena. Kanuni za daraja hilo ziliiruhusu kukimbia na 600 kwa sababu silinda tatu hupewa hadi cc 675; namba hiyo haikuokotwa barabarani. Isle of Man akashinda nayo Gary Johnson 2014 na Peter Hickman 2019. Na Daytona kwenyewe, Florida, Danny Eslick akashinda maili 200 mwaka 2014, ushindi wa kwanza wa Triumph pale tangu Nixon wa 1967. Ubingwa wa dunia wa Supersport haikuupata. Inauma, lakini ndivyo.

Si kwamba haikuwa na kasoro. Hendeli ziko chini na kiti kiko juu, sentimita 82 na nusu kutoka ardhini, kwa hiyo mjini uzito wako wote unakaa kwenye viganja. Nilipoazimwa ya rafiki yangu nikaenda nayo Matlock Bath, kule Derbyshire ambako waendesha pikipiki hukusanyika Jumapili kula chipsi, nilifika nikiwa siwezi kufunga ngumi vizuri. Kwenye zile njia za vilima kabla ya kufika sikukumbuka hata kama nina mikono. Unatazama kona inakwisha wapi, na pikipiki imeshaelekea huko. Ukifungua mafuta katikati ya kona kwenye gia ya tatu, inavuta tu, haikuombi ushushe gia. Kisha unaingia kijijini, foleni, maili 30 kwa saa, na ile eksozi ya chini ya kiti inaanza kukukumbusha kwamba ipo. Mtindo ule wa eksozi chini ya kiti ulikuwa fasheni ya miaka hiyo, Ducati 916 ndiyo iliyouvumisha, na mimi siupendi. Unaweka uzito juu na nyuma, mahali ambapo huutaki.

Wahandisi wa Hinckley nadhani waliona hivyohivyo. Mwaka 2009 waliigusa kidogo: nguvu tatu za farasi zaidi, pua mpya, kalipa bora za breki. Mwaka 2011 wakaongeza toleo la R, lenye shokapu za Öhlins mbele na nyuma, breki za Brembo, na kifaa kinachokuwezesha kupandisha gia bila kubana klachi. Mabadiliko ya kweli yakaja 2013. Injini mpya kabisa, bado cc 675 lakini silinda zimepanuliwa hadi milimita 76 na mapito ya pistoni yamefupishwa kutoka 52.3 hadi 49.6, valvu za titani, na mwisho wa mizunguko ukapanda hadi 14,400. Eksozi ikateremshwa tumboni. Ya kwanza ndiyo maarufu zaidi na ndiyo iliyopigwa picha sana, lakini ukiniuliza mimi, ya 2013 ndiyo pikipiki yenyewe.

Ikauzwa miaka michache tu. Sababu si kwamba ilishindwa. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008 soko la pikipiki za spoti za 600 Ulaya liliporomoka. Bima kwa kijana ilikuwa ghali mno, waliokuwa vijana miaka ya tisini migongo imeanza kuuma, na pesa zikahamia kwenye pikipiki ndefu za safari. Kisha zikaja kanuni za moshi za Euro 4, ambazo kuanzia 2017 zingelazimisha injini ifanyiwe kazi upya kwa gharama kubwa. Triumph wakapiga hesabu, wakaiacha. Hawakuwa peke yao: Honda waliiondoa CBR600RR Ulaya wakati huohuo, na Yamaha wakaifuatisha R6 ya barabarani mwaka 2020.

Kilichonifurahisha ni jinsi injini ilivyoishi baada ya pikipiki kufa. Tangu 2007 ilikuwa imepewa mwili mwingine, Street Triple, isiyo na maganda ya plastiki, hendeli pana, ya mtu wa kawaida, na hiyo ndiyo iliyoingiza pesa. Mwaka 2017 Street Triple ikapanuliwa hadi cc 765. Mwaka huohuo wasimamizi wa mbio za dunia wakatangaza kwamba kuanzia 2019 pikipiki zote za Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, mbio kuu za dunia, zitatumia injini hiyo ya Triumph badala ya 600 ya Honda iliyokuwa ikitumika. Isome tena hiyo. Honda silinda nne inatoka, Triumph silinda tatu inaingia, kwa kila timu. Zilipewa nguvu za farasi zaidi ya 140, na msimu wa kwanza tu Moto2 ikapita kilomita 300 kwa saa kwa mara ya kwanza, kule Phillip Island, Australia. Mkataba umerefushwa hadi 2029. Kampuni iliyochekwa kwa sababu ya TT600 sasa inawalisha vijana wote wanaoisaka MotoGP, na mlio ule wa Mallory Park unausikia kwenye televisheni mara ishirini na kitu kwa mwaka, zote zikilia namna moja.

Jina nalo wamelichezea. Mwaka 2019 walitoa Daytona 765 Moto2, maganda ya kaboni, shokapu za Öhlins, nguvu za farasi karibu 130, pikipiki 765 tu kwa Ulaya na Asia na nyingine 765 kwa Marekani na Kanada. Ziliisha haraka, na nyingi nadhani zimekaa sebuleni kwa watu. Halafu Januari 2024 ikaja Daytona 660, yenye injini ya jamaa yake Trident ya siku hizi, si ile ya 1968: nguvu za farasi 95, kilo 201, hendeli zimeinuliwa kidogo. Mashabiki wa zamani walipiga kelele kwamba jina limetukanwa. Mimi simo. T100T ya 1967 nayo ilikuwa pikipiki ya barabarani ya bei ya kawaida iliyobeba jina la mashindano. Wanaolilia 675 mpya ni walewale ambao, 675 ilipokuwa dukani, hawakuinunua.

Kuna jambo moja linalowahusu wa nyumbani. Triumph wameshirikiana na Bajaj wa India, na tangu 2023 Speed 400 ya silinda moja inaundwa kwenye kiwanda cha Bajaj huko Chakan, karibu na Pune. Bajaj ndio hao wa Boxer. Nilipomwonyesha yule mzee wa gereji picha ya tangi lenye maandishi ya Triumph kutoka kiwanda cha wenye Boxer, aliitazama muda, akasema vipuri vitapatikana, akarudi kwenye valvu zake.

Kwa wanaoniandikia kuuliza kama inafaa kununua 675 iliyotumika: inafaa, lakini chagua kwa makini. Ya 2006 hadi 2008 bei iko chini na nyingi zimepita mikono mingi. Tazama kama imeangukia ubavu, angalia pembe za fremu na ncha za hendeli, na uulize risiti ya kupimwa valvu, kazi ambayo kiwanda kinaitaka kila kilomita 20,000 na ambayo watu wengi huiruka kwa sababu ya gharama. Ipigie stata ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto kabla hujafika. Ukiweza kuongeza pesa kidogo, tafuta ya 2013 kwenda mbele, na ukiikuta ya R ambayo haijafungwa madude ya mbio, usiende nyumbani kufikiria.